Hoja Niliyomwandikia Mpinzani Wangu

Jumanne, 4 Machi

Mvua imeanza kweli. Daftari hili nililinunua kwa ajili ya choo cha mtoto. Muuguzi wa zahanati aliniambia, "Mama, andika kila siku ameharisha mara ngapi, usije ukaniambia mara nyingi. Mara nyingi si namba." Nikaandika siku nne, mtoto akapona, namshukuru Mungu. Kurasa zilizobaki ni nyingi na kuzitupa naona uchungu. Nitaandika habari zangu mpaka mvua zikatike au kalamu iishe, kitakachotangulia.

Nafanya kazi kwa dobi. Chumba cha nyuma tuko wawili, mimi na mzee tunayemwita Fundi Pasi kwa sababu amepiga pasi miaka thelathini na hajawahi kuunguza hata kola. Juu yetu zimepita kamba kumi na nne za kuanikia. Leo nguo za juzi bado ni mbichi. Mwenye duka amesema tupokee nguo nusu tu mpaka jua lirudi. Maana yake ni nusu ya kazi.

Alhamisi, 6 Machi

Mvua. Mtoto ameota jino la juu. Ameniuma ili nisadiki.

Jumapili, 9 Machi

Mchana. Mtoto amelala, mume wangu amelala, mvua tu ndiyo iko macho. Nieleze habari ya kundi, maana naona litanila muda.

Mume wangu ni muashi. Rafiki yake ni kinyozi wa mtaa wa pili, na mwaka jana kinyozi alifungua kundi la simu akaliita Kiti cha Kinyozi. Watu walikuwa wakibishana dukani kwake, siasa, mpira, bei ya mafuta, mpaka wanavuliana viatu. Lakini aligundua kitu. Aliyekaa kwenye kiti, wembe ukiwa shingoni, husikiliza mpaka mwisho, hawezi hata kutikisa kichwa. Na akishuka hujibu kwa adabu kuliko wenzake wa kwenye benchi. Kwa hiyo kundi lina sheria moja tu: kabla hujampinga mtu, andika kwanza hoja yake, vizuri kuliko alivyoisema mwenyewe, mpaka akujibu, "Ndivyo." Usipopata "Ndivyo," huna ruhusa ya kupinga. Ukijitia kichwa ngumu, kinyozi anafuta.

Tumo zaidi ya mia mbili. Mimi nilikuwa msomaji tu, nasoma nikinyonyesha, kidole kimoja kwenye simu.

Wiki hii wanajadili mabanda ya chakula ya sokoni. Kuharisha na kutapika kumeenea mtaani, na baraza la mji linafikiria kufunga mabanda yote kumi na moja mpaka mvua zikatike. Mtu mmoja anayejiita Mpima Mvua anaunga mkono. Anaandika kwa utulivu wa mtu aliyeshiba: "Kila ikinyesha mvua kubwa, siku tatu baadaye wagonjwa wanaongezeka. Nimeangalia misimu mitatu. Tusingoje wa nne."

Banda la nne kutoka lango la soko ni la dada yangu. Mama alipofariki nilikuwa na miaka tisa. Dada alinilea kwa banda lile. Sare yangu, madaftari yangu, mpaka kidato cha pili nilipoishia, vyote vilitoka kwenye sufuria zake. Ana watoto watatu na mume alishaondoka zamani. Banda likifungwa mpaka mvua ziishe, watoto wale watakula nini? Hapo ndipo nilipoacha kuwa msomaji.

Jumanne, 11 Machi

Nilimwandikia Mpima Mvua hivi: "Wewe mvua unaipima ukiwa dirishani, wenzio inawanyeshea." Nikajiona nimemkata maini. Kinyozi akaifuta kabla sijaweka simu chini. Halafu akaniandikia pembeni.

"Shemeji, tamu hiyo, nimecheka peke yangu. Lakini sheria ni sheria. Mwandikie kwanza hoja yake."

"Mimi nimekuwa karani wake?"

"Kuwa. Ukishaijua vizuri ndiyo utajua pa kuishika."

Jumatano, 12 Machi

Jaribio la kwanza: "Mpima Mvua anasema watu wa mabanda ni wachafu wanaleta magonjwa." Akajibu: "Sivyo. Sijasema mtu yeyote ni mchafu."

La pili: "Mpima Mvua anasema afya ni muhimu kuliko tumbo." Akajibu: "Sivyo. Tumbo ni afya."

Nikakasirika nikaunguza foronya. Fundi Pasi akaitazama ile alama ya pasi, akanitazama mimi. "Mwanangu, unagombana na nani humo ndani ya simu?"

"Na mtu nisiyemjua, mzee."

"Basi muulize. Foronya haina kosa."

Nikamuuliza Mpima Mvua: kama husemi hivyo, unasema nini? Hakujibu mpaka nilipokuwa nafunga kazi. Alijibu kirefu, na nimeisoma mara tatu. Nitajaribu tena Jumapili nikiwa na akili.

Jumamosi, 15 Machi

Mume wangu hana kazi siku ya tano. Zege haliwezi kumwagwa kwenye mvua. Amefua nepi zote, akazianika ndani, nyumba nzima kama bendera za wageni rasmi.

Jumatano, 19 Machi

Nimepata "Ndivyo." Nimeandika leo saa nane mchana, mapumziko, nimekaa juu ya fungu la mashuka. Nanakili hapa maana najivunia:

"Mimi ni mama wa mtoto mdogo na dada yangu ana banda la chakula. Mwenye banda akiumwa tumbo, au akiona maji yake yamebadilika rangi, hawezi kufunga peke yake. Akifunga leo, mteja anahamia banda la jirani, na kesho harudi. Kwa hiyo kila mmoja anapika, hata anayejua hapaswi. Si ubaya wa moyo. Ni hesabu ya mtu mwenye watoto. Ndiyo maana wafungwe wote kwa pamoja, siku moja, amri moja, ili asiwepo wa kupoteza mteja kwa sababu ya kuwa mwaminifu."

Nikatuma hiyo kwanza. Hapo mtoto akaamka, nilikuwa naye kazini, akalia kama aliyechomwa sindano. Nikambeba, nikambembeleza, nikambadilisha. Nusu saa ikapita ndipo nikatuma sehemu ya pili: "Na kwa kuwa wanafunga kwa faida yetu sote, sote tuwalipe fidia mpaka wafungue. Bila fidia, kufunga ni kuhamisha ugonjwa kutoka tumboni kwenda mfukoni kwao." Akajibu: "Ndivyo. Na umesema vizuri kuliko mimi."

Ajabu ni hii. Nilipomaliza kuandika sikuweza tena kumchukia. Nimebaki na kitu kinaniwasha: huyu mtu amejuaje mambo ya mteja kutorudi? Hilo halijulikani kwa kukaa dirishani.

Sasa nina ruhusa ya kumpinga na sijui nianzie wapi.

Ijumaa, 21 Machi

Fundi Pasi alinisomea maneno kwenye simu yake. "Sikiliza hii, binti yangu kaipata kazini kwao. Huyu mama ana akili." Akaanza: "Mimi ni mama wa mtoto mdogo na dada yangu ana banda la chakula..."

Akasoma mpaka "kuwa mwaminifu." Nikangoja. Hakuna kilichofuata.

"Endelea, mzee."

"Imeishia hapo."

Nikachukua simu nikasoma mwenyewe. Sehemu ya pili haipo. Juu yake mtu ameweka kichwa cha habari: MAMA MWENYE DADA SOKONI ATAKA MABANDA YAFUNGWE.

Jumamosi, 22 Machi

Dada alikuja asubuhi na mvua yake mwilini. Hakukaa. Mtoto alitambaa mpaka miguuni kwake, Dada akambeba, akaongea nami huku amempakata, kana kwamba amekuja kwa mtoto na mimi nimemzibia njia tu.

"Jana diwani alisimama sokoni na simu. Akatusomea. Akasema haya si maneno yangu, haya ni maneno ya ndugu yenu. Watu wakageuka kunitazama. Wewe unajua nina dada wangapi?"

"Mmoja."

"Na wao wanajua."

Nikamweleza. Kundi, kinyozi, sheria, hoja ya mwenzio, sehemu ya pili. Alinisikiliza kama mtu anayesikiliza bei ambayo hatalipa.

"Ngoja nielewe. Mtu anataka kunifunga. Wewe, badala ya kumwambia hapana, ukakaa ukamtafutia maneno mazuri."

"Ili niweze kumjibu, Dada."

"Umemjibu?"

"Bado."

"Bado." Akambusu mtoto, akanirudishia. "Nilikusomesha ili uandike barua ya kazi, mdogo wangu. Sikujua naisokotea kamba shingo yangu."

Akaondoka. Mwavuli wangu aliukataa.

Nikamgeukia mume wangu, alikuwa amekaa kimya mno. Mtu asiye na kosa huuliza maswali. "Nani kasambaza?" nikamuuliza.

Akatazama nepi. Nepi hazikumsaidia. "Niliisoma kundini, nikawatumia mafundi wenzangu. Nilitaka waone mke wangu anavyoandika. Nikaandika, huyu ndiye mama watoto wangu."

"Ukatuma nusu."

"Ndiyo iliyokuwepo. Nilidhani umemaliza. Ilikuwa imemalizika vizuri."

Nilitaka kupiga kelele. Lakini mtu ameniharibia kwa kunionea fahari, utampigia kelele ipi? Nikamwambia kwa upole, na kwa kumaanisha, "Kesho utakwenda sokoni, utasimama mbele ya Dada, utasema ni wewe. Mimi sitakusindikiza." Akaitikia.

Jumatatu, 24 Machi

Tangazo limebandikwa. Mabanda yote kufungwa kuanzia Jumatatu tarehe 7 Aprili mpaka mvua zikatike. Neno fidia halimo. Chini kwa herufi ndogo: mwenye maoni ayapeleke kwa bwana afya kabla ya Ijumaa tarehe 4.

Mume wangu alikwenda. Dada alimpa chai, akamwambia yeye ni mjinga lakini mkweli. Mimi sikutajwa.

Jumanne, 25 Machi

Nimeandika kundini: "Mpima Mvua, maneno niliyokuandikia yamekatwa na yanamfunga dada yangu bila fidia. Hayo siyo uliyoyasema. Mimi sitaki kukushinda tena. Nataka kujua. Ni kitu gani ukikiona kitakubadilisha mawazo?"

Watu walianza kutania. Mmoja akaandika, shemeji wa kinyozi kasalimu amri. Kinyozi akafuta.

Mpima Mvua alijibu baada ya saa moja: "Ni swali zuri na sijawahi kuulizwa. Nikiona wanaoumwa hawakula mabandani, nitabadilika. Na wewe?"

Nikakaa na swali lile siku nzima. Ni rahisi kuuliza wengine. Mwisho nikajibu: "Nikiona walikula."

"Basi tuwaulize," akaandika.

Ijumaa, 28 Machi

Tumekubaliana maswali matatu kwa kila nyumba yenye mgonjwa. Nani kaumwa na ana umri gani. Siku mbili kabla alikula wapi. Maji ya kunywa nyumbani yanatoka bomba gani. La nne Mpima Mvua alitaka kuongeza kazi ya baba, nikakataa. Watu wakiulizwa kazi wanaanza kudanganya.

Majibu yanaingia usiku na mchana. Mwingine kaandika: "Mume wangu anasema alikula nyumbani. Aliumwa yeye, mimi sikuumwa. Kwa hiyo nami nina swali langu kwake."

Jumapili, 30 Machi

Leo nimeonana na Mpima Mvua. Ni mwanamke. Ananizidi labda miaka mitano, ana miwani iliyofungwa waya, na anauza kwenye duka la dawa lililo nyuma ya kituo cha mafuta. Nimepita pale mara mia. Mwezi uliopita yeye ndiye aliyeniuzia pakiti za chumvi za kukorogea maji mtoto alipoharisha, hakunijua, sikumjua.

"Nilidhani wewe ni mwanamume wa tai," nilimwambia.

"Mimi nilidhani wewe ni mnene," akasema. "Unaandika kinene."

Jina lake lilitokana na zile pakiti za chumvi. Aliona kila baada ya mvua kubwa zinaisha rafuni siku ya tatu, akaanza kuandika kwenye kalenda. Nikamwambia basi wewe unafaidi tukiumwa. Akasema, "Mwenye duka anafaidi. Mimi naona nyuso."

Nikamuuliza lile lililoniwasha, amejuaje mambo ya mteja kutorudi. Akavua miwani akaifuta. Mama yake alikuwa na banda, mji mwingine. Msimu mmoja wa mvua aliumwa siku sita na alipika siku zote sita. "Nilikuwa namshikilia kiuno asianguke, anakoroga. Nilimwambia tufunge. Akasema, tukifunga sisi, jirani hafungi. Sijui watu wangapi waliumwa kwa mkono wake. Yeye mwenyewe hakuwahi kutaka kujua."

Basi nikaelewa. Mimi na yeye sote tunampigania mwanamke mmoja aliyeinama juu ya sufuria. Yeye anataka mtu amwamuru apumzike, mimi nataka mtu amwache afanye kazi.

Jumanne, 1 Aprili

Mvua imepumzika ila jua halikutoka. Kamba zote tupu. Tumepokea majibu ya wagonjwa arobaini na sita na kichwa changu kilikuwa kimejaa kama gunia. Fundi Pasi akasema, "Zianike."

"Nini?"

"Hizo namba. Kamba si hizi hapa."

Tukaanika. Kila banda kamba yake, kumi na moja. Kamba ya kumi na mbili ni ya wasiokula bandani. Kila mgonjwa ni kibanio kimoja cha nguo, cha mbao kwa mtu mzima, cha plastiki kwa mtoto mdogo. Mpima Mvua alikuja saa ya chakula, akasimama mlangoni na mwavuli wake, mimi nasoma majibu, mzee anabana.

Mwanzo vilikuwa vinakwenda huku na huku na nikaanza kufurahi. Halafu vikaanza kurudi palepale. Tulipomaliza, kamba nane zilikuwa na kibanio kimoja au viwili, nyingine hakuna. Kamba ya wasiokula bandani ilikuwa na vya plastiki kumi na saba. Na kamba tatu zilikuwa zimelegea kwa uzito: ya tatu, ya nne, ya saba.

Ya nne.

Mpima Mvua alijipinga mwenyewe, nimemheshimu kwa hilo. "Labda hayo matatu ndiyo yanayojaa watu zaidi. Wengi wakila, wengi wanaumwa."

Fundi Pasi akatikisa kichwa. "Linalojaa ni la kwanza, la langoni. Mimi nakula pale. Foleni mpaka barabarani. Tazama kamba yake." Kibanio kimoja.

"Wanachota maji wapi, wale watatu?" nikauliza, ingawa nilikuwa najua. Nimeyabeba maji yale kichwani tangu nina miaka tisa. Bomba la bondeni. Mvua ikijaa, mfereji unafurika na bomba linabaki limezama mpaka kiunoni. Wengine wanane wanachota bomba la juu. Tukarudi kwenye karatasi. Wale watoto kumi na saba, kumi na wanne kwao wanakunywa ya bondeni.

Kwa hiyo Mpima Mvua alikosea, si mabanda yote. Na mimi nilikosea, mabanda mengine yamo. Tukabaki tunatazama juu, watu watatu wazima, kama wanaotafuta paa linakovuja.

Nitayaandika maoni. Lakini nikiyaandika yalivyo, nayaokoa mabanda manane na kulitaja la dada yangu.

Jumatano, 2 Aprili

Nilikwenda kwa Dada kabla ya kazi. Sikutaka alisikie sokoni tena. Alikuwa anamenya, akanisogezea kisu cha pili bila kunitazama. Nikamenya. Nikamweleza kamba moja baada ya nyingine, nikaacha ya nne mwisho.

Akacheka kidogo, kicheko kisichofika machoni. "Mara ya kwanza ulinifunga kwa bahati mbaya. Sasa umekuja kunifunga kwa makusudi."

"Nimekuja kukwambia kabla sijaandika."

"Na nikikukataza?"

"Nitaandika, Dada. Lakini nitakuwa nimekwambia."

Akaweka kisu chini. Nilidhani atanifukuza. Alinitazama muda, kama anatafuta sura ya mtoto wa miaka tisa asiione. Mbele ya banda kulikuwa na ndoo ya maji ya kusuuzia vyombo. Yalikuwa na rangi ya chai nyepesi. Akayafuata macho yangu.

"Nachota mara moja alfajiri," akasema. "Mwendo ni mrefu, mguu unaniuma. Watu nawanywesha yaliyochemka. Lakini vyombo nasuuza na haya." Akaigusa ndoo kwa mguu. "Mtoto wako aliumwa lini?"

"Mwisho wa Februari."

"Ile wiki uliyoniachia."

"Ndiyo."

"Kikombe chake cha bluu."

Sikuwa nimelifikia hilo, naapa. Nilikuwa nimeandika siku zile nne kwa mkono wangu kwenye daftari hili, mara tano, mara saba, mara sita, mara mbili, na sikuwahi kujiuliza alikuwa wapi. Niliweka namba, sikuweka swali.

Dada aliinama akamwaga ile ndoo kwenye mfereji, yote. Akaanza kukusanya sufuria.

"Unafanya nini?"

"Nafunga. Usiniangalie hivyo, silii. Waliokwisha kulipia chakula cha leo ni wawili tu, nitawarudishia." Akatafuta kufuli muda mrefu, maana banda lile halijafungwa mchana tangu nilijue. "Ila sikiliza. Andika na hili. Mimi nafunga leo. Kesho wateja wangu wataenda banda la kwanza, wakizoea hawarudi. Huyo mpima mvua wako hapo hakukosea. Nani atanirudishia watu?"

"Sijui," nikasema.

"Basi usiandike kabla hujajua."

Alhamisi, 3 Aprili

Sijawahi kuandika siku moja maneno mengi hivi. Niliuliza kundini swali la Dada kama alivyoliuliza. Yakaja majibu mengi ya hovyo na moja la maana, kutoka kwa mwenye banda la kwanza, ambaye hatukujua kama yumo.

Akaandika: "Niseme kwanza hoja yake. Anasema akifunga kwa uaminifu, mimi nitamlia wateja. Ni kweli, na nilishaanza kufurahi." Dada, nilipomsomea kwa simu, akasema, "Ndivyo, mwambie ndivyo hasa." Mwenye banda akaendelea: "Jiko langu lina meko manne na natumia mawili. Aje apike kwangu, wateja wake wamfuate yeye, ila maji tuchote bomba langu. Na wale wengine wawili wachukuliwe na mabanda mengine ya juu. Leo wao. Mfereji ukihamia kwetu mwakani, itakuwa sisi."

Nikaandika maoni. Mpima Mvua akayasoma, akanikatia sentensi mbili za hasira, nikarudisha moja. Tumeomba mambo manne: yafungwe mabanda matatu kwa siku kumi na nne, wenyewe wapike kwa majirani, baraza lilete gari la maji bondeni, maana watoto kumi na wanne hawali bandani, na bomba linyanyuliwe. Tumeweka na idadi zote, hata zisizotupendeza. Nimetuma yote kwa mara moja, mtoto akiwa kwa baba yake.

Jumatano, 9 Aprili

Amri ya Jumatatu iliahirishwa maoni yasomwe, na leo bwana afya alifika sokoni. Amekubali matatu, siku kumi na nne. Gari la maji, ndiyo, mara mbili kwa wiki. Bomba, "tutaangalia." Alimuuliza Mpima Mvua idadi zimehesabiwa kwa mfumo gani. Akamjibu, "Vibanio." Akaandika kwenye fomu yake, sijui aliandika nini.

Wenye mabanda ya tatu na ya saba hawanisalimii. Wa saba alisema mtoto wa kulelewa na jirani ni nyoka. Sikulelewa na jirani, lakini nilielewa ananisema mimi.

Jumatatu, 14 Aprili

Jua, saa mbili nzima. Tumeanika mashuka ya nyumba ya wageni. Fundi Pasi alivitoa vibanio vya namba kimoja kimoja, akaviweka kwenye kopo la peke yake. Nikamuuliza kwa nini. Akasema hataki kubana suruali ya mtu kwa mgonjwa.

Ijumaa, 18 Aprili

Dada anapika kwa jirani. Wanagombana juu ya chumvi tangu asubuhi hadi jioni na wateja wanakuja kuwasikiliza.

Jumatano, 23 Aprili

Mpima Mvua ameandika kundini: wiki iliyopita ilinyesha siku tatu mfululizo, na wiki hii ameuza pakiti mbili za chumvi. Mtu akampinga kwamba huenda watu wamekwisha kuwa sugu, au wananunua duka jingine. Akajibu kwamba huenda ni kweli, atauliza duka jingine. Mwezi uliopita ningemwona mtu anayekubali haraka hivyo kuwa ni dhaifu. Leo nilisoma nikasema moyoni, huyu nitamwachia mtoto nikiwa na safari.

Nimempelekea Dada ndoo mbili zenye koki. Alizipokea. Hakusema asante, alisema, "Hii ya kijani inavuja." Nimeirudisha, nimebadilisha.

Jumamosi, 26 Aprili

Siku kumi na nne zilikuwa zimeisha Jumatano, lakini Dada alisema hafungui mpaka bomba linyanyuliwe. Jana limenyanyuliwa, urefu wa mtu mzima, kwa zege la mume wangu na wenzake. Baraza limewapa kazi ya siku nne.

Leo amefungua. Nilikwenda na mtoto asubuhi, nikakaa pembeni. Saa moja ikapita bila mtu. Dada alifuta meza iliyofutwa. Wateja wake wa zamani wanne walipita wakamsalimia kwa heshima kubwa mno, wakaenda la kwanza. Nikamenya.

Halafu akaja kijana mmoja wa mizigo, mgeni sokoni, akasimama nusu ndani nusu nje. Akaitazama ndoo ya kijani, akatazama sufuria, akamtazama Dada.

"Mama, si hapa ndipo bwana afya alipopafunga?"

Nilimwona Dada akivuta pumzi. Hakunitazama.

"Bwana afya alikuja baada ya wiki," akamwambia. "Akakuta nimeshatia kufuli mwenyewe. Nawa mikono, kaa."

Kijana akafikiri kidogo. Akanawa.